‘Makadirio ya Mercator’: Neno linalotufanya tubishane na ramani tusiyoielewa

MWISHONI mwa Septemba 2025 nilikuwa nimeketi katika kibanda cha chakula kando ya mjengo mmoja huku Muthangari, mtaa wa magharibi mwa Nairobi ambako nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa kupisha maghorofa. Mafundi walikuwa wakila chapati na ndengu. Redio iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa ikizungumzia ramani ya dunia. Mwezi uliotangulia, Umoja wa Afrika, kupitia kwa naibu mwenyekiti wa Kamisheni yake, Selma Malika Haddadi, ulikuwa umeunga mkono kampeni ya kutaka ramani ya Mercator iachwe kwa sababu inaifanya Afrika ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mtangazaji, bila shaka akitafsiri papo hapo, akasema tatizo lote liko katika “makadirio ya Mercator”.

Mwashi aliyekuwa mkabala nami akaacha kutafuna.

“Kwa hivyo hawa watu walikadiria? Miaka yote hiyo? Si wangepima tu, mwalimu?”

Swali la mwashi lilikuwa sawa kabisa. Alichosikia ndicho alichokielewa. Kosa lilikuwa la neno, na nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu siku hiyo, katika mijadala ya redioni na katika kazi za wanafunzi wanaojaribu kueleza hisabati kwa Kiswahili. Hoja yangu leo ni kwamba neno ‘makadirio’ halifai hapo hata kidogo, na kwamba linatuharibia hoja ambayo sisi Waafrika tuna haki ya kuitoa.

Tuanze na lugha. Kukadiria ni kutaja kiasi cha kitu ambacho hujakipima, au ambacho bado hakiwezi kupimwa. Waziri wa fedha hupeleka bungeni makadirio ya matumizi ya mwaka ambao haujafika. Mkulima hukadiria magunia ya mahindi mimea ikiwa bado shambani. Seremala akikuambia kabati litagharimu kiasi fulani, amekadiria, na nyote wawili mnajua hesabu huenda ikapanda (aghalabu hupanda). Kila makadirio yamebeba shaka ndani yake. Yanasubiri ukweli uje uyathibitishe au uyaumbue.

Kiingereza kina neno moja, projeksheni, linalofanya kazi mbili. Asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kutupa mbele. Unaweza kuzitupa hesabu za leo mbele hadi mwaka ujao, na hayo kweli ni makadirio. Unaweza pia kulitupa umbo kutoka mahali lilipo hadi juu ya sakafu, ukuta au karatasi. Hii ya pili ndiyo ya jiometri, na haina shaka yoyote ndani yake. Mfasiri mwenye haraka hukamata maana ya kwanza kwa kuwa ndiyo anayoijua kutokana na habari za bajeti, kisha huibandika kwenye ya pili. Basi hesabu iliyo sahihi hadi tone la mwisho inageuka kuwa bahati nasibu.

Haya, tuone kinachofanyika hasa. Chukua ngazi ya mita 5 na uiegemeze ukutani, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukuta. Kichwa chake kitagusa ukuta mita 4 juu. Sasa kutoka kila sehemu ya ngazi hiyo shusha timazi hadi sakafuni na utie alama ya chaki. Alama zote zitaungana kuwa mstari mnyoofu wenye urefu wa mita 3. Fanya vivyo hivyo kuelekea ukutani, ukienda kwa mlalo badala ya wima, nawe utapata mstari wa mita 4. Ngazi ni moja lakini picha zake ni mbili, na hakuna hata moja iliyokisiwa. Kila nukta ya ngazi imepata mahali pamoja tu sakafuni na pamoja tu ukutani, kwa kanuni isiyobadilika.

Ila kuna kitu kimepotea. Ukifika baadaye ukute ngazi imeondolewa na chaki imebaki, huwezi kujua ngazi ilikuwa ndefu kiasi gani. Ngazi ya mita 10 iliyosimama wima zaidi, mguu wake ukiwa palepale mita 3 kutoka ukutani, ingeacha mstari uleule. Hapa ndipo watu hudhani pana makadirio. Sivyo. Kilichopotea kinajulikana barabara: ni kimo. Ukiwa na mstari wa sakafuni na ule wa ukutani kwa pamoja, utaipata ngazi yako: mraba wa 3 ukijumlishwa na mraba wa 4 ni 25, na kipeuo chake ni 5. Mchora ramani za majengo anaishi kwa kanuni hii. Anampa fundi picha ya kutoka juu, ya kutoka mbele na ya kutoka ubavuni, na fundi anaziunganisha kichwani hadi ghorofa linasimama. Angekuwa amekadiria, nani angekubali kulala humo?

Kuna sifa nyingine inayonipendeza zaidi. Ukiuchukua ule mstari wa chaki sakafuni na kuushushia timazi tena, haubadiliki. Tayari uko sakafuni. Kivuli hakina kivuli kingine. Wanahisabati huitumia tabia hii kuitambua projeksheni hata katika mambo yasiyo na sakafu wala ukuta: tendo ambalo ukilirudia halikuongezei wala kukupunguzia kitu. Makadirio hayana tabia hiyo. Muulize seremala bei mara ya pili uone.

Nimelitaja neno kivuli kwa makusudi, maana Kiswahili kililijua jambo hili zamani kabla ya vitabu vya shule. Kina uvuli, mvuli na kivuli, na kutoka shina hilohilo kikatoa mwavuli. Katika pwani yetu kivuli ni kipimo. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwapo wakati jua lilipokuwa juu kabisa. Mtu aliyechomeka kijiti uani Lamu ili ajue saa ya sala alikuwa akifanya jiometri, tena jiometri inayodai usahihi.

Hicho kivuli cha nyongeza, cha wakati wa jua kuwa juu, kina siku zake za kutoweka. Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba, jua hupita utosini kabisa. Katika siku hiyo ya Septemba, mnamo saa sita na dakika 24 mchana, nguzo iliyosimama wima hapa Muthangari haina kivuli cha kutajika. Nguzo ya mita 3 inakuwa nukta, kwa sababu mwanga unaifuata nguzo yenyewe kutoka kichwani hadi mguuni. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesumbuliwa na swali la pembe kati ya mstari na bapa angetolewa nje siku hiyo, angeelewa katika dakika tano kile ambacho ubao umeshindwa kumweleza muhula mzima.

Jua liko mbali mno hivi kwamba miale yake hutufikia ikiwa sambamba. Taa ni kitu kingine. Koroboi mezani huutupa mkono wako ukutani ukiwa mkubwa kama beseni, na ukiusogeza mkono karibu na moto, unazidi kukua. Miale inatoka nukta moja na kutawanyika. Ndivyo zinavyofanya kazi kamera na michoro inayoonyesha barabara ikizidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali. Hata hapa, ukijua taa iko wapi na ukuta uko wapi, ukubwa wa kila kidole unahesabika.

Sasa turudi kwa ramani. Dunia ni tufe, au karibu tufe, na karatasi ni bapa. Mwaka 1827 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo ambalo wachora ramani walikuwa wamelihisi kwa muda mrefu: uso wa tufe hauwezi kutandazwa kwenye bapa huku vipimo vyote vikibaki kama vilivyo. Ganda la chungwa litapasuka au litavutika, huna njia ya tatu. Hivyo kila mchora ramani lazima achague atakachokilinda na atakachokitoa kafara. Hapo hakuna uzembe wa kupima. Dunia ingepimwa hadi unene wa unywele, uchaguzi huo ungebaki palepale.

Gerardus Mercator alichora ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Alichokilinda ni pembe. Nahodha anayeushika uelekeo mmoja wa dira safari nzima, njia yake kwenye ramani hiyo ni mstari mnyoofu. Kwa mtu aliye katikati ya bahari, hilo lilikuwa na thamani kuliko kujua Afrika ina ukubwa gani. Alichokitoa ni ukubwa. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, kulipo karibu na mji wa Oslo, kila urefu huchorwa mara mbili ya unavyochorwa kwenye ikweta, na kila eneo mara nne. Kwenye nyuzi 72, katikati ya Greenland, eneo huvimba zaidi ya mara 10. Ndiyo sababu Greenland, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.2, inaonekana ikishindana na Afrika yenye milioni 30. Afrika ingeimeza Greenland takriban mara 14.

Zingatia jambo ambalo wachambuzi wetu wengi wa redioni hulipindua. Tunaambiwa Mercator aliipunguza Afrika. Hakuipunguza. Ikweta inapita katikati yetu, na kwenye ikweta ramani hiyo haipotoshi kitu. Nairobi kwenye nyuzi 1.3, kosa la urefu halifiki hata mita moja kwa kila kilomita 3. Huko kwenye ncha za bara, Tunisia na Afrika Kusini, karibu nyuzi 35, ardhi kwa hakika imeongezwa karibu nusu ya ukubwa wake. Kilichotokea ni kwamba kaskazini ya mbali imefurishwa, nasi tulio karibu na ukubwa wetu halisi tunaonekana tumesinyaa. Dhuluma ipo. Iko katika kutundika ramani ya mabaharia kwenye kuta za madarasa ambamo hakuna baharia, kisha kumwacha mtoto wa Kiafrika aamini alichokiona. Lakini mtu akisimama katika kongamano na kudai kwamba Wazungu “walikadiria vibaya” au kwamba “waliikata” Afrika, mtu yeyote mwenye kikokotoo atamuumbua, na hoja nzuri itaondoka naye jukwaani.

Kampeni yenyewe haitaki ramani “iliyokadiriwa vizuri”. Inapendekeza ile iitwayo Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018 na Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny, ambayo inalinda eneo: kilomita moja ya mraba ya Kongo inapata nafasi ileile ya karatasi kama kilomita moja ya mraba ya Kanada. Nayo imetoa kafara. Pembe zimepinda na maumbo ya pembezoni yamelala upande. Kabla yake ilikuwapo ramani aliyoinadi Arno Peters mwaka 1973, ambayo kimsingi James Gall alikuwa ameichora mwaka 1855. Hiyo pia inatunza eneo, ila inalinyoosha bara letu kama nguo iliyoanikwa ikiwa imelowa. Kwa ukuta wa darasa naiunga mkono Equal Earth bila kusita.

Lakini usimfukuze Mercator nchini kabla hujajua amekaa wapi. Ramani rasmi za mandhari ya Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 zimechorwa kwa mfumo unaozaliwa na wazo lilelile, silinda yake ikiwa imelazwa ubavu ili imkumbatie Mkenya kutoka kaskazini hadi kusini badala ya kuifuata ikweta. Nairobi iko katika ukanda wa 37 wa mfumo huo, unaoanzia longitudo ya nyuzi 36 hadi 42 mashariki. Kericho na Eldoret ziko ukanda wa 36. Mpimaji anaupenda kwa sababu ileile ya baharia. Katika eneo dogo pembe hubaki pembe, na kona ya mraba ikawa kona ya mraba. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya ramani yoyote ni hili: imelinda nini, na kwa ajili ya nani? Neno ‘makadirio’ linatunyima swali hilo na kutupa lingine lisilo na maana, yaani, walikosea kwa kiasi gani?

Basi tuseme nini? Kwa muda niliamini jibu ni kivuli, tumalize kazi. Linafaa kwa ngazi na kwa nguzo, na linazaa vizuri: kivuli wima, kivuli sambamba, kivuli cha nukta kwa ile ya taa. Kwa jiometri ya shule sioni la kulishinda. Kwenye ramani, hata hivyo, lina hatari mbili. Kivuli cha dunia tayari kina kazi yake, ndicho kinachoufunika mwezi unapopatwa. Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kuna maelezo maarufu kwamba Mercator ni kivuli: weka taa katikati ya tufe la kioo, lizungushie karatasi kama silinda, na uchore kinachoangukia hapo. Maelezo hayo si ya kweli. Taa ya namna hiyo ingeitupa latitudo ya nyuzi 60 umbali wa mara 1.73 ya nusu-kipenyo cha tufe kutoka ikweta. Mercator anaiweka mara 1.32. Ramani yake ilijengwa kwa hesabu, hakuna taa duniani inayoweza kuichora. Tukiiita kivuli tutakuwa tumeufukuza uongo mmoja na kuukaribisha mwingine.

Kwa ramani napendekeza usawiri. Wasomaji wa safu hii wamelizoea katika uhakiki wa riwaya, tunaposema usawiri wa wahusika. Mwandishi humsawiri mhusika kwa kuchagua la kuonyesha na la kuficha, na hakuna anayemwambia kwamba amemkadiria. Usawiri wa Mercator, usawiri wa Equal Earth: neno linabeba uchaguzi na anayechagua, na ndicho hasa kinachogombewa. Najua wapo watakaosema istilahi moja ya Kiingereza ipewe istilahi moja ya Kiswahili. Tumbo-Masabo na Mwansoko walituachia Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili mwaka 1992, na mjadala wa sifa za istilahi bora haujaisha tangu hapo. Mimi sioni kwa nini uvivu wa Kiingereza wa kutumia neno moja kwa mambo matatu uwe sheria kwetu.

Siku ile kibandani sikuwa nimefika huko. Nilimjibu mwashi kwamba hawakukadiria, kwamba walifanya kama yeye anavyofanya na timazi. Nikamwambia, kwa majivuno kidogo, kuwa nimepata neno zuri la tendo hilo: kuangusha.

“Kuangusha ni jiwe likikuponyoka,” akasema. “Timazi inateremshwa, mwalimu. Polepole.”

Nikakubali, tena nikalipenda: kuteremsha, mteremsho. Nikamuuliza, je, kama nukta unaipeleka ukutani badala ya sakafuni? Utaiteremsha kwenda kando?

Alifikiri huku akipangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati.

“Ukutani situmii timazi,” akasema. “Natumia skwea.” Akanawa mikono, akachukua kofia yake na kurudi juani, ambako nguzo za mbele ya mjengo zilikuwa zimeanza kupata vivuli upande wa mashariki.